Baiskeli Niliyoipofusha

Taa yako ya mbele nimeiona, mjukuu wangu. Inawaka, inazima, inawaka tena, na rangi ya bluu juu yake kama ukumbi wa disko. Ya nyuma nayo nimeiona, nyekundu, inakonyeza kila anayekufuata. Hongera. Sasa isimamishe baiskeli yako ubavu, katikati ya njia, giza likishaingia. Tembea hatua arobaini, geuka, uniambie unaona nini. Huoni kitu. Na malori ya barabara hii hayakukuti uso au mgongo siku zote. Siku unayokata barabara kwenda upande wa pili, yanakukuta ubavu.

Nimekuwa fundi baiskeli pale Mpemba tangu tukiwa bado watu wa mkoa wa Mbeya, kabla hatujaitwa Songwe, hadi bodaboda zilipokuja kutumaliza. Sasa mikono inatetemeka, hata spoku moja inanishinda kuiingiza kwenye tundu lake. Vijana wanaokuja kunisalimia hawaniulizi habari za spoku. Wanataka niwasimulie magendo ya zamani, wakisikia kwamba na mimi nilikuwamo. Nitawasimulia leo, ila kwa njia yangu, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha sana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Haonga, Mnyiha wa Hasamba, mfupi, mkavu, asiye na maneno mengi. Alihamia Mpemba akiwa na boksi la spana na pampu moja. Alikuwa na desturi iliyowaudhi wateja: baiskeli iliyoletwa asubuhi hakukubali kuirudisha mchana, hata kama kazi ilikuwa ya kuziba pancha tu. Alingoja magharibi. Giza likianza kushika aliisimamisha ubavu njiani, akaenda hatua zake arobaini, akaiwashia tochi. Asiporidhika, mwenye baiskeli alikwenda kwa miguu siku hiyo, apende asipende.

Tochi yenyewe hakuishika kiunoni kama watu wengine. Aliibana kwenye paji la uso, kando ya jicho. Nilimcheka moyoni miezi mingi kabla sijamwuliza. Akanipa tochi, akaniambia niiweke kwanza kwenye paji, kisha niishushe hadi kitovuni. Jaribuni nanyi nyumbani. Ile riflekta, kile kioo cha njano au chekundu, ikimulikwa na tochi iliyo kando ya jicho inang'aa mpaka unafumba macho. Ukiishusha tochi, inafifia. Kioo kile kinaurudisha mwanga kule kule ulikotoka, hakimgawii jirani. Sasa fikirini dereva wa lori. Yeye amekaa juu, taa zake ziko chini karibu na bampa. Akiwa mbali, riflekta inamsaidia. Akikaribia, inamwangazia bampa, yeye huku juu inazidi kumfifia. Ndiyo maana mzee Haonga alisema riflekta ni ya kuitia mbali, na weupe ni wa kuokoa karibu. Kitu cheupe kinautawanya mwanga kila upande, kila mtu anapata sehemu yake.

Kwa hiyo alipaka. Rangi ya mafuta ilikuwa haipatikani, na ikipatikana ilikuwa ya matajiri, basi alichukua chokaa ile ya kupakia nyumba, akaikoroga na uji mzito wa ngano ili ishike, akapaka ubavu wa matairi yote mawili kuzunguka. Mvua kubwa ikinyesha iliondoka, ukapaka tena. Dereva akiona mduara mweupe mara mbili, mmoja nyuma ya mwingine, hahitaji kufikiri. Anajua ni baiskeli, na anajua ni ndefu kiasi gani. Akiona nukta moja tu ya mwanga anaweza kudhani ni jicho la mbwa, akaendelea na safari yake.

Mimi mwanafunzi nilitaka kumpita mwalimu. Nilikata vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga, nikavitengeneza vipande vyenye umbo la samaki, nikavifunga kati ya spoku. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu kinachozunguka kinaonekana upesi kuliko kilichotulia, hilo ni kweli hadi leo. Lakini nilivifunga vyote upande mmoja wa gurudumu, tena kwa waya uliolegea. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipoteremka mlima gurudumu lilianza kutikisika mpaka meno yakagongana, na vile vipande vikalia kama manyanga, mbwa wa kitongoji kizima wakamsindikiza hadi mlangoni pa kanisa. Mzee Haonga alivifungua bila kunisema, akavirudisha viwili tu, kimoja kikitazamana na chenzake, na waya akaukaza kwa koleo. Ukiongeza uzito huku, ongeza na kule. Hilo likae vichwani mwenu.

Jambo jingine alilonifundisha ni fundo. Watu wengi wakizungushia utepe wa tyubu ya zamani kwenye usukani huacha ncha inaning'inia, baada ya wiki umefunguka. Yeye aliipitisha ncha chini ya mizunguko mitatu ya mwisho, akaivuta kwa nguvu, akaikata ikapotea kabisa. Hulioni fundo. Ukipapasa kwa kidole tu ndipo unasikia kijivimbe kidogo kama punje ya mtama. Katika mafundi wote wa Mpemba na Tunduma, fundo lile tulilijua wawili.

Basi ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Bidhaa zilizokuwa zimepotea madukani zikaanza kuonekana, na nyingi zilitoka upande wa pili wa mpaka. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia. Zilizopita njia kubwa zilipita, na zilizopita njia za panya zilibebwa kwa baiskeli, usiku, taa zimezimwa. Wakati huo mzee Haonga macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa na mtoto wa jicho, akitazama taa anaona duara la moshi. Aliniachia kibanda, akabaki anakuja mchana kukaa, kusikiliza magurudumu yakizungushwa na kutuambia bila kutazama ni spoku ipi imelegea.

Siku moja akaja Boazi. Alikuwa kijana wa Kinamwanga mwenye shangazi Tunduma na mjomba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Kibemba alikimwaga kama Kiswahili. Mimi nilikuwa na miaka thelathini tu lakini aliniita mudala, yaani mzee, kwa kunipaka mafuta. Alitaka nimtengenezee baiskeli atakayoweza kupita nayo hatua tano kutoka kwa mtu, na mtu huyo asijue kama kimepita kitu au upepo.

Ningemfukuza. Mtu aliyefundishwa miaka minane jinsi ya kuifanya baiskeli ionekane angemfukuza. Lakini nawaambia ukweli, kazi ile ilinitekenya. Nilijua kila kitu kinachoifanya baiskeli ionekane, kwa hiyo nilijua kila kitu cha kuondoa. Nilitoa riflekta zote. Nilitoa kifuniko cha kengele kwa sababu kinang'aa. Nikakwangua masizi ya masufuria, nikayakoroga na oili chafu, nikapaka ringi, spoku, madigadi, hadi pedeli. Usukani na foku nikazizungushia tyubu nyeusi. Friwili nikaijaza grisi ili isilie. Magharibi nikaisimamisha njiani, nikaenda hatua zangu arobaini, nikaweka tochi kwenye paji la uso kama nilivyofundishwa. Sikuona kitu. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ukipenda, chongo huita kengeza, nami niliupenda ujanja wangu.

Baiskeli zile tuliziita vipofu. Boazi aliwaleta wenzake, na kila niliyemtengenezea niliifanya kazi mzee Haonga akiwa ameshakwenda kulala. Kumficha kulikuwa rahisi, macho yake yalikuwa yananisaidia. Nilijua ninachofanya ni aibu, ndiyo maana nilimficha. Kitu ambacho sikukifikiria ni hiki: baiskeli haikai na mtu mmoja. Mtu anaoa, anaumwa, anahama, anaiuza. Anayeinunua hajui historia yake. Anaona baiskeli nyeusi iliyofungwa vizuri, anasema hii imetunzwa.

Jioni moja ya kiangazi, jua likiwa limebakiza kimo cha mtu, Boazi akapita kibandani kwangu kwa miguu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alinieleza kwamba amechumbia, na baba mkwe ni mzee wa kanisa, amemwambia achague magendo au binti. Amechagua binti. Nikampongeza. Akasema hata ile kipofu ameshaiuza, mchana ule ule, sokoni.

Nikamwuliza ameiuzia nani. Nilikuwa nafunga cheni, sikuinua hata kichwa.

"Yule mudala wako," akasema. "Fundi Haonga. Amefiwa na dada yake huko Hasamba, alikuwa anatafuta usafiri wa haraka. Ameondoka nayo muda si mrefu."

Cheni ilinitoka mkononi. Nikamwuliza kama alimwambia. Boazi akanitazama kwa mshangao wa kweli. Amwambie nini? Mzee aliipapasa mwenyewe, akauliza bei, akalipa, akapanda.

Naomba mwelewe nilichokiona kichwani wakati ule. Mzee wa miaka sitini na ushee, anayeona taa ya gari kama moshi. Amepanda kitu ambacho mimi nimekitengeneza kwa makusudi kisionekane. Kutoka Mpemba kwenda Hasamba alipaswa kufuata barabara kuu kuelekea Vwawa, upande wa kushoto, halafu kwenye mteremko mrefu wenye kona aikate barabara aingie njia ya vumbi upande wa kulia. Pale ndipo malori ya kwenda mpakani yanaposhuka. Madereva wa siku zile walikuwa na tabia ya kuteremka gia ikiwa huru ili kubana mafuta, injini imenyamaza, unasikia matairi tu, na ukiyasikia umechelewa. Na giza lilikuwa linaingia.

Nilichukua baiskeli yangu mwenyewe, nikaondoka bila kufunga kibanda.

Baiskeli yangu mwenyewe. Hapo nisimame kidogo nijicheke, maana wahenga walisema mganga hajigangi. Haikuwa na taa. Haikuwa na riflekta hata moja, nilikuwa nimezitoa kuwapa wateja. Chokaa ya matairi ilikuwa imeisha tangu masika. Pedeli ya kulia ilikuwa inalia kwi, kwi, kila inapopita juu, na mzee Haonga alikuwa amenisema kuhusu grisi ya pedeli ile mpaka akachoka. Fundi mzima, nimepanda chuma kitupu.

Nilikanyaga hadi kifua kikawaka moto. Pale kwenye vibanda vya mwisho nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi kama ameona mzee na baiskeli nyeusi. "Baba, saa hizi hapa kila kitu cheusi," akanijibu, akaendelea kupepea mkaa. Halafu akakumbuka: kuna mzee alipita, ana bahasha kubwa ya gazeti kwenye keria, kasalimia kwa heshima. Muda gani? Kabla hajawasha moto.

Nikaendelea. Jua likaisha kabisa, na mwezi haukuwapo. Kila lori lililotoka nyuma yangu nililiomba kimoyomoyo lipite, nikatazama mbele katika mwanga wake nikitafuta mtu. Niliona nguzo, mawe ya kilomita, mbuzi waliofungwa, mtu na jembe lake begani. Sikuona baiskeli. Lori lilipopita giza likawa zito kuliko mwanzo. Na hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokifanya, maana nilikuwa naitafuta kwa macho kazi niliyoifanya ili isionekane. Ningeweza kumpita mwalimu wangu kwa hatua tano nisimjue. Boazi alilipa kwa ajili ya hilo hasa. Nilianza kuita, "Mzee Haonga! Mzee Haonga!" na upepo wa malori ukawa unanifunga mdomo.

Nilipofika chini ya ule mteremko nilikuwa nakanyaga kwa nguvu za mwisho, nimebaki upande wangu wa kushoto. Juu kwenye kona ukatokea mwanga. Taa moja. Mwanga ule uliponyooka ukaangaza kitu kule mbele, upande wa kulia, kitu kikubwa cheupe, na kando yake nikamwona mzee Haonga, amesimama.

Sikufikiri. Niliona yuko barabarani. Niliona taa moja nikasema ni pikipiki, inapita pembeni kabisa, nina nafasi. Nikakata kulia, moja kwa moja kumfuata, nikamsukume atoke.

"Tito! Simama hapo hapo!"

Ilikuwa sauti ya kibandani, ile ya siku ambazo nilishika spana isiyo saizi. Mikono yangu iliitii kabla ya kichwa, ikabana breki zote mbili. Kisha giza lenyewe lililokuwa kati yangu na ile taa likanipitia usoni. Halikuwa pikipiki. Lilikuwa lori chongo, taa ya upande wa barabara imekufa, ile moja iliyobaki ni ya ukingoni, na mwili wake wote ulikuwa upande wangu. Lilichukua gurudumu langu la mbele kama mtu anavyochukua kofia ya mwenzake. Nilijikuta nimekaa kwenye lami, usukani bado mkononi, na mbele ya usukani hakuna kitu.

Lori lilisimama mbali kidogo. Dereva akarudi kwa miguu, mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Alinipapasa mikono na miguu, alipoona nimekamilika akaanza kunifokea.

"Mzee na shuka lake nimemwona toka kule juu, nikashika breki," akasema. "Wewe, ndugu yangu, sikukuona kabisa. Umetoka wapi?"

Kama asingeshika breki kwa ajili ya lile shuka, leo msingekuwa mnasoma haya.

Mzee Haonga alikuwa ukingoni, ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshavuka zamani, anapumzika. Ile baiskeli ilikuwa imesimama kwenye stendi yake, na kutoka usukani hadi keria ilikuwa imefunikwa na kitambaa cheupe kipya, kimefungwa pembe nne, kinaning'inia ubavu mzima. Ilikuwa sanda. Ndiyo iliyokuwa kwenye ile bahasha ya gazeti. Kwao kaka mkubwa ndiye anayepeleka kitambaa cha kumzikia dada yake, na alikuwa amekinunua asubuhi ile.

Dereva alipoondoka tukabaki wawili. Nilitegemea aniulize kama nimeumia. Aliniuliza nimekuja kufanya nini.

"Nimekuja kukuambia kuhusu hiyo baiskeli, mzee."

"Niambie basi."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimekaa chini, kila kitu, masizi, oili, kengele, Boazi na wenzake, nyakati za usiku nilizokuwa nangoja alale. Nilipomaliza alinishika mkono, akauingiza chini ya kile kitambaa, akakiweka kidole changu kwenye usukani, mahali utepe wa tyubu unapoishia. Nikasikia ile punje ya mtama.

"Nilipopapasa pale sokoni nilikusoma," akasema. "Macho yangu yameharibika, vidole bado. Nikainunua ili isimwue mtu asiyejua aipande vipi. Mimi najua. Nimeisukuma kwa miguu toka jua lilipozama, na marehemu amenikopesha kitambaa chake. Aliyekufa hana haraka."

Nikamwuliza alijuaje kwamba ni mimi ninayekuja gizani, hadi akaniita jina. Akasema pedeli. Miaka miwili ananiambia niitie grisi.

Sikumbuki kama tulicheka. Nakumbuka nililia, na sioni aibu kuwaambia. Aliniacha nilie kiasi, kisha akauliza swali ambalo nimelibeba maisha yangu yote.

"Ziko ngapi?"

"Saba, pamoja na hii."

"Basi zimebaki sita," akasema, akaanza kusukuma.

Tulitembea hadi Hasamba, yeye na kipofu ndani ya sanda, mimi nimebeba begani mabaki ya baiskeli yangu. Tulipofika msibani, mwanga wa karabai ulituonyesha jambo ambalo njiani hatukuliona. Kile kitambaa kilikuwa na michirizi myeusi, ringi na spoku zimejichora juu yake, masizi na oili. Kina mama walikisugua kwa sabuni, oili haikutoka. Duka lililokuwa karibu halikuwa na kitambaa kingine. Mwishowe walikikunja ili upande uliochafuka uwe ndani. Dada yake mzee Haonga, ambaye hakuwahi kunikosea neno, alizikwa na masizi yangu yakigusa mwili wake. Nilishika beleshi kaburini pamoja na wengine, na nilikuwa mtu mmoja tu, mbali na mzee, aliyejua yametoka kwenye masufuria ya nani.

Baada ya hapo sikupofusha tena baiskeli. Nilianza kuzitafuta. Boazi alinisaidia majina, kwa kuwa na yeye alikuwa amepata woga. Ya kwanza niliikuta Tunduma penyewe, imeegeshwa nje ya mashine ya kukoboa. Mwenyewe alidhani nimekuja kudai deni, akakimbia, nami nikaisafisha pale pale. Ya pili na ya tatu niliziosha kwa mafuta ya taa nikazipaka matairi chokaa bila kuomba shilingi. Ya nne ilikuwa kwa mbeba chumvi wa Ivuna, kule bondeni. Huyo alinigomea, eti nyeusi inapendeza na haionyeshi kutu, ikabidi nikae naye siku mbili nimshawishi. Kwake nilijifunza jambo ambalo hata mwalimu wangu hakuniambia: magunia ya chumvi yakining'inia pande mbili yanafunika magurudumu yote, chokaa yako na riflekta zako zinakuwa kazi bure. Mzigo ukifunika baiskeli, uweke weupe kwenye mzigo. Shona kitambaa kwenye gunia lenyewe. Leo mnabeba magodoro, kreti, mikaa, na wote mnapachika riflekta kwenye spoku zilizofichwa. Ya tano nililetewa na mjane wa mwenyewe, na sikuthubutu kumwuliza mume alikufaje.

Kila nilipopata moja nilikwenda kumwambia mzee Haonga. Hakunisifu. Alikuwa anauliza tu, "Zimebaki ngapi?" Nikasema mbili. Nikasema moja. Ilipobaki moja niliitafuta miaka. Ilikuwa imeuzwa kwa mfugaji mmoja mhamiaji huko bondeni Momba, naye alikuwa amehama na ng'ombe zake. Nilishuka Ivuna mara tatu. Wengine walisema amevuka kwenda upande wa Rukwa, wengine walisema alimwachia baiskeli shemeji yake. Mzee Haonga alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumsalimia, macho yake yakiwa yameshapofuka kabisa. Nilisema shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza, "Na ile ya mwisho?" Nilimwambia bado. Akanipapasa mkono.

Baadaye mambo yamekuja mengi. Zilikuja tepu za malorini zinazong'aa, tukaziomba vipande kwa madereva na kuzibandika kwenye foku na kwenye miguu ya keria. Zikaja sidii, kila mtu akafunga yake kwenye spoku, na mteja wangu mmoja alifunga sidii ya harusi yake, mkewe akaitafuta wiki nzima. Sidii inang'aa vizuri mchana kuliko usiku, msidanganyike. Pedeli zenye riflekta ni nzuri kuliko vyote kwa aliye nyuma yako, kwa sababu zinapanda na kushuka. Kwa ubavu, hakuna kilichoushinda ule mduara mweupe wa tairi. Na ukikata barabara, shuka usukume, lakini kumbuka baiskeli yenye dainamo ikisimama taa inakufa, na ni pale pale unapoihitaji. Ukiona taa moja inakuja, usiseme ni pikipiki. Sema ni lori mpaka lipite.

Nimewaandikia haya kwa sababu miguu yangu haiwezi tena kushuka Ivuna. Baiskeli za zamani hazifi, mnazijua. Ziko nyuma ya nyumba za babu zenu, ziko juu ya dari, zimebadilishwa siti na matairi, fremu ni ile ile. Mtu anaiamsha, anaitia upepo, anaipanda jioni kwenda dukani. Mkiikuta moja nyeusi, isiyo na kifuniko cha kengele, usukani wake umezungushiwa tyubu na ncha ya tyubu haionekani, pitisheni kidole taratibu. Mkisikia kijivimbe kama punje ya mtama, msiipande. Kateni utepe, safisheni kwa mafuta ya taa hadi chuma kionekane, pakeni matairi rangi nyeupe pande zote. Kisha mtu anifikie Mpemba aniambie, maana na mimi nitakapokutana na mzee Haonga najua ataniuliza nini.